Waya Tatu Chini ya Usukani

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sitaki mtu anikatize. Mambo haya yalinipata mimi mwenyewe, niliyaona kwa macho haya na kuyashika kwa mikono hii, wala sikuwa na homa wala sikuwa nimetafuna miraa. Tena hayakutokea usiku. Watu hudhani vitu hivi hungoja giza. Ilikuwa saa kumi alasiri, na jua la barabara ya Modogashe anayelijua analijua. Kama ningekuwa natunga uongo, si ningeuweka usiku ili mniamini upesi?

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Kwetu ni Malindi, lakini nilikwenda Garissa nikiwa kijana, na miaka ile ya tisini nilikuwa na kibanda cha mabati karibu na soko la mifugo. Ukiuliza fundi wa waya mjini, unaletwa kwangu. Nami nilijua hivyo, tena nilijua kupita kiasi. Gari likiletwa, mwenyewe namwambia akasimame kule kwenye kivuli, kisha nafungua bonati na kumpa mgongo. Hakuna aliyeona mikono yangu inafanya nini. Ndivyo alivyonilea fundi wangu wa kwanza: mteja akishaona kazi inavyofanywa, atarudi kwako kufuata nini? Niliishika hiyo kama dini, Mungu anisamehe.

Kati ya wateja wangu kulikuwa na mtu aitwaye Dekow, mchuuzi wa mbuzi kutoka Modogashe, mrefu, mtaratibu, asiyepandisha sauti hata akiibiwa. Alikuwa na pikapu kuukuu ya bluu, mwenyewe akiiita bikabu yangu, mlango wa dereva umefungwa kwa kamba. Siku hiyo alikuja na mkewe, Habiba. Walikuwa wameoana miaka tisa bila mtoto, jambo ambalo mjini kila mtu alilijua na kila mtu alijifanya halijui. Sasa Habiba alikuwa mjamzito, tumbo limeshatangulia mbele, na uso wake, wallahi, ulikuwa uso wa mtu aliyepewa dunia nzima. Alishuka na kibuyu cha maziwa ya ngamia akanimiminia kikombe kabla hata sijawaamkia.

"Kunywa, fundi," alisema. "Ukinywa vizuri utatengeneza vizuri."

Pikapu ilikuwa na ugonjwa wa kuudhi: leo inawaka, kesho inakataa. Nikaanza pale anapoanza kila fundi mwenye akili. Nikawasha taa kubwa, zikawaka kali, kwa hiyo betri nzima. Nikaingia chini na bisibisi nikagusisha staata moja kwa moja, ikazunguka vizuri, kwa hiyo staata nzima. Ikabaki swichi ya ufunguo. Nikatoa testa yangu. Ni kibalbu kidogo chenye sindano upande mmoja na klipu upande wa pili, mpini wake nimeuzungushia uzi mwekundu ili mtu asiniibie akasema ni yake. Nikachoma waya nyuma ya swichi: moto wa betri unaingia. Nikazungusha ufunguo: moto hautoki. Nikautikisa ufunguo kidogo, ukatoka, kisha ukapotea tena. Basi ugonjwa ndio huo, vishaba vya ndani vinavyopitisha moto vimelika na barabara mbovu ikimalizia.

Garissa nzima hapakuwa na swichi ya gari lile. Ilibidi iagizwe Nairobi. Nikavisugua vile vishaba kwa msasa, gari likawaka, nikamwambia Dekow arudi baada ya wiki mbili.

Hapo ndipo alipouliza. Alijisogeza karibu, kwa adabu yake ile.

"Walaal, ndugu yangu, ikinifia huko njiani? Nionyeshe hiyo waya. Naweza kuwasha bila ufunguo, si ndiyo? Nimesikia inawezekana."

Nikacheka. Nilimwambia nikimfunza yeye leo, kesho jirani yake anajua, na keshokutwa majambazi wa njiani wanaondoka na magari ya watu. Miaka ile majambazi walikuwepo kweli, magari yalikuwa yakisafiri kwa msafara na askari, kwa hiyo maneno yangu yalikuwa na sura ya haki. Lakini nyinyi nawaambia ukweli: sikuwa nikiwafikiria majambazi. Nilikuwa nikijifikiria mimi na kibanda changu.

Habiba alikuwa ameketi ndani ya gari anasikiliza. Akatoa kichwa dirishani. "Basi nifunze mimi, fundi. Mimi jambazi? Na hili tumbo nitakimbia mpaka wapi?"

Dekow akacheka, na mimi nikacheka. Nikamjibu, "Abaayo, dada yangu, kazi yako wewe ni kuzaa. Mambo ya waya niachie mimi."

Na walipokuwa wanaondoka nikapiga paa la gari kwa kiganja, kama nilivyokuwa nikimfanyia kila mteja, nikasema neno nililokuwa nikimwambia kila mteja: "Likigoma, sukumeni tu!"

Sikilizeni hapa vizuri. Gari lenye betri dhaifu ukilisukuma linawaka. Kila mtu kule anajua, watoto wanajua, gari likizima watu wanashuka na kusukuma bila kuambiwa. Lakini swichi ya ufunguo ikifa, injini haipati moto hata kidogo. Ungelisukuma gari lile toka Garissa mpaka Mandera lisingewaka. Mimi nilijua. Dakika kumi tu nyuma nilikuwa nimepima kwa mkono wangu mwenyewe. Nikasema kwa mazoea, ulimi umezoea, basi.

Wiki mbili zikapita, swichi ikaja, Dekow hakutokea. Nikasema pengine mbuzi wamemshika. Siku hiyohiyo nikapata kazi Modogashe, kuna jenereta ya duka ilikuwa imekufa, kwa hiyo nikaitia swichi mfukoni mwa shati, ikiwa bado ndani ya boksi lake, nikapanda lori kwenye msafara. Nilijiambia nitamfanyia Dekow ukarimu, nimfungie palepale kwake. Nilijiona mtu mwema sana.

Mbali huko, palipo na miiba na mchanga tu, lori la mbele likapata pancha. Msafara mzima ukasimama. Watu wakashuka wakaswali alasiri, nami nikaswali nao. Baada ya swala nikajitenga kidogo kwenda haja, mkoba wangu wa zana begani, maana mkoba ule simwachii mtu. Nikapita migunga mitatu minne. Nikaiona pikapu ya bluu.

Nikaijua kwa ile kamba ya mlangoni. Imesimama chini ya mgunga mkubwa, na Habiba amekaa kwenye kivuli, mgongo umeegemea gurudumu. Ndiye hasa, na tumbo lake. Miguu mitupu, vumbi jeupe mikononi mpaka kwenye viwiko. Kwenye vumbi la bodi ya nyuma ya gari niliona alama za viganja viwili vidogo, vidole vimetanuka, zimeburuzika kwenda chini.

"Waa nabad, ni salama, fundi," alisema. "Umekuja."

"Abaayo! Unafanya nini hapa peke yako? Dekow yuko wapi?"

"Amekwenda kutafuta watu. Gari imekufa." Akanitazama. "Tulisukuma. Kama ulivyosema."

Bado sikuelewa kitu, naapa. Nilichofikiria ni kwamba huyu mama ana uchungu na lazima afike hospitali, na mimi ndiye niliyewaambia upuuzi. Nikatoa chupa yangu ya maji nikampa.

"Maji baadaye," alisema. "Kwanza nionyeshe waya."

Safari hii ningemkataliaje? Nikapiga magoti mchangani, nikaingiza kichwa chini ya usukani, nikavuta nje waya tatu za swichi. Akaja akainama karibu yangu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ufundi sikumpa mtu mgongo. Nikafunga klipu ya testa kwenye chuma, nikachoma waya ya kwanza, kibalbu kikawaka.

"Hii nene nyekundu imetoka kwenye betri, ina moto saa zote," nikamwambia. "Hii ya pili inapeleka moto kwenye injini. Unazisokota hizi mbili pamoja. Bila hii ya pili, hata watu mia wasukume, gari haliwaki."

"Hata watu mia?"

"Hata watu mia."

"Na mimi nilikuwa mmoja," akasema.

Sikuweza kumtazama. Nikaendelea kueleza kwa sababu sikujua lingine la kufanya. Nikamwonyesha ya tatu, ile ya staata: unaigusisha kidogo tu, injini ikishika unaiachia. Akasema anataka kufanya mwenyewe. Nikamshika mkono kumwelekeza, na mkono ulikuwa baridi. Jamani, jua lile, chuma cha mlango kilikuwa kinaunguza, na mkono wa yule mwanamke ulikuwa baridi kama mtungi wa maji uliolala ndani. Akasokota mbili, akagusisha ya tatu. Cheche moja. Injini ikakohoa, ikashika, ikaunguruma vizuri kabisa.

Habiba akazitazama zile waya, akanitazama na mimi. Hakukasirika, na heri angekasirika. Alikuwa na uso wa mtu anayeuliza kwa sababu hajui.

"Kumbe ni hivi tu?" alisema. "Fundi, kumbe ni hivi tu?"

Nikamwambia asiguse kitu, nakwenda kuita watu watuendeshee, maana mimi nilijua waya tu, usukani sikuujua, tutamfikisha. Nikakimbia kama mwendawazimu, nikimpigia kelele dereva wetu na askari mmoja wa msafara, nikiwaambia kuna mama ana uchungu, twendeni. Wakanifuata mbio. Tangu nilipoondoka mpaka tuliporudi, ni muda wa kunywa maji tu.

Hapakuwa na gari, wala sauti ya injini, wala alama ya gurudumu. Kulikuwa na alama za magoti yangu mchangani, na chupa yangu ya maji imesimama imejaa. Na pale nilipopiga magoti, pembeni kabisa, ningeweza kuligusa kwa kiwiko, kulikuwa na kaburi. Kaburi jipya, udongo haujapauka rangi, limezungushiwa matawi ya miiba ili fisi wasifukue.

Yule askari akavua kofia. "Fundi, wewe ni mgeni wa habari," aliniambia polepole. "Hapa ndipo alipozikwa mke wa Dekow, juma lililopita. Gari liliwafia hapa."

Nilikaa chini. Dereva aliniinua kwapani akanipakia kama gunia. Njia nzima mpaka Modogashe swichi ile mfukoni ilikuwa ikinichoma kifua.

Nilimkuta Dekow nje ya nyumba yake jua linatua. Pikapu imesimama uani, ilivutwa na lori baada ya maziko. Alikuwa amekonda, kanzu inamwelea. Nikampa mkono wa pole, nikaanza maneno ya pole, nikashindwa kuyamaliza.

Alinieleza bila kuulizwa. Uchungu ulianza usiku, kabla ya siku zake. Msafara ulikuwa umeshapita jana yake, kwa hiyo wakaondoka alfajiri peke yao kuja Garissa. Jua lilipochomoza gari likazima. Akazungusha ufunguo, kimya.

"Ulisema tusukume," alisema Dekow. "Yeye hajui kushika usukani, fundi. Kwa hivyo mimi nilikaa ndani. Yeye alisukuma. Nilimkataza, akasema, fundi amesema, sukuma kidogo tu itashika. Alisukuma mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu nilisikia amenyamaza."

Dekow alikwenda mbio kutafuta wachungaji. Aliporudi na watu na ngamia, ilikuwa alasiri, na Habiba alikuwa ameegemea gurudumu, ametulia. Walimzika na mtoto wake tumboni.

Mimi nililia. Mtu mzima, na ndevu zangu, nililia mbele ya watoto wa jirani waliokuja kuchungulia. Dekow hakulia. Aliniambia kitu kingine, kwa sauti ya chini.

"Leo alasiri gari imewaka peke yake. Nilitoka nje na ufunguo mkononi, huu hapa. Hakuna mtu ndani. Ikaunguruma kidogo, halafu ikazima. Tangu siku ile hakuna mtu amefungua hiyo mlango."

Nikaenda kwenye pikapu. Nikafungua ile kamba. Chini ya usukani waya zilikuwa zimevutwa nje, mbili zimesokotwa pamoja, kwa msokoto wa mkono usio na mazoea, na klipu ya testa imeuma chuma. Testa yangu mimi, yenye uzi mwekundu. Nikafungua mkoba wangu kutazama, na mahali pake palikuwa patupu. Toka pale mgunga ulipo mpaka uani kwa Dekow ni mwendo wa saa mbili kwa lori. Nielezeni nyinyi mlio wasomi, mimi sina maelezo.

Nikamwambia yote. Sikumficha hata neno. Alisikiliza kichwa kimeinama, na nilipomaliza akauliza kitu kimoja.

"Alisema nini mwisho?"

Nilitaka kumdanganya. Nilitaka kumwambia alikusalimu, alisema amekusamehe, yuko pazuri. Nilishindwa. Nikamwambia: "Alisema, kumbe ni hivi tu?"

Hapo Dekow alilia. Alishika mlango wa ile pikapu kwa mikono miwili akalia kama mtoto, miaka yote tisa ikamtoka. Mimi nilisimama pale sijui niweke wapi mikono yangu. Baadaye sana akajifuta kwa ncha ya kanzu, akaingia, akaketi kwenye usukani.

"Haye," alisema. "Sasa nifunze na mimi."

Nikamfunza. Giza lilikuwa linaingia, mtu mmoja akatushikia kurunzi. Waya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alishika upesi, haikuchukua hata nusu ya kikombe cha chai. Nikatoa ile swichi mpya, nikamwomba aniruhusu niifunge bure, aniruhusu jambo hilo moja. Akakataa. Hakunitukana, wala hakunifukuza. Alinirudishia boksi mkononi akanifumbia vidole juu yake, akaingia ndani.

Gari lile alilitumia miaka mingine mingi, akiliwasha kwa waya mpaka siku alipoliuza. Salamu yangu aliipokea kila tulipokutana sokoni, lakini kibandani kwangu hakukanyaga tena.

Mimi testa ile siitumii. Imetundikwa ukutani kibandani, pamoja na boksi la swichi, na wakati mwingine baada ya swala ya alasiri kibalbu chake kinawaka kidogo, hakijagusa waya yoyote, kisha kinazima. Vijana wanasema ni jua linapiga kioo. Nawaacha waseme. Kila gari linaloletwa, mwenyewe namwita aje karibu, ainame, aone. Namwambia gari lenye ugonjwa huu ukilisukuma linawaka, lenye ugonjwa huu hata ukilisukuma haliwaki, na huwa namrudishia waya mkononi mpaka afanye mwenyewe. Mafundi wenzangu wameniita mjinga, wakasema nitakufa njaa. Sijafa njaa.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama kuna kitu unakijua na mtu amekuuliza, mwambie leo, kabla hajaondoka mlangoni pako. Usijitie kichwa kikubwa, usimwambie njoo wiki ijayo. Maana mimi nimewafunza watu wengi tangu wakati ule, sijui idadi, madereva, wachungaji, wanawake wenye watoto mgongoni. Na kila mmoja, injini ikishika tu, ananigeukia na kusema maneno yaleyale, akicheka, hajui anachonifanyia. Nageuza uso nijifanye natafuta bisibisi.